Kabichi Iliyonifungia Dirisha

Juzi nilikwenda kumwona mwanangu anayekaa Membley, hapa Ruiru, na kabla sijaketi vizuri mjukuu wangu akaniuliza, "Guka, wewe ulikuwa pathway gani?" Shuleni kwao wanapangwa sasa: huyu sayansi, huyu mambo ya jamii, huyu sanaa na michezo. Yeye anataka sayansi, na tangu Jumatatu hali chakula vizuri akiogopa watamtupa kwingine. Nilimeza chai yangu polepole nikamwambia ukweli.

"Mimi nilikuwa pathway ya kabichi."

Alicheka mpaka paka wao akatoka nje. Akadhani ni utani wa Guka. Wewe unayesoma hapa, rafiki yangu, usicheke kwanza. Vuta kiti.

Miaka ya hamsini, nilipokuwa mtoto, hapa hapakuwa na mageti wala mabati ya rangi. Kutoka Ruiru hadi Thika ilikuwa kahawa na mkonge, mkonge na kahawa. Ukimpoteza mbuzi Gitothua, ungempata Thika akiwa ameshapata wajukuu. Asubuhi tuliamshwa na chuma cha plau kilichotundikwa mtini, kikigongwa na nyapara ambaye nadhani alizaliwa akiwa na hasira. Halafu mashine ya kumenya kahawa ilianza kunguruma kule mtoni, na harufu ya maganda yaliyochacha ikaingia kila nyumba, kila shuka, kila sufuria ya githeri. Mpaka leo nikisikia harufu hiyo nashikwa na njaa.

Nililelewa na Cucu, nyanya yangu mzaa baba, katika laini za wafanyakazi wa shamba moja la kahawa. Baba alikuwa amechukuliwa kambini, kama baba wengi wa siku zile za hali ya hatari, na mama alifanya kazi kwenye mkonge upande wa Thika, akija kutuona mwisho wa mwezi na mkate kwenye kikapu. Kwa hiyo baba alikuwa Cucu, mama alikuwa Cucu, na polisi pia alikuwa Cucu.

Kazi yake ilikuwa kuchambua kahawa. Wanawake waliketi juu ya magunia mbele ya malundo, wakitenganisha. Buni nyekundu iliyoiva vizuri ilikwenda kwenye mashine, ikamenywa, ikaoshwa, ikasafirishwa Ulaya kunywewa na watu wenye sahani chini ya kikombe. Ile mbichi, iliyokauka au iliyotobolewa na wadudu ilitupwa pembeni, ikaanikwa na ganda lake, ikauzwa kwa bei ya kutupa. Hiyo tuliiita mbuni. Cucu alichambua haraka hivi kwamba mtu akimtazama sana alipata kizunguzungu.

Sasa, shule yetu nayo ilikuwa na lundo lake. Ukifika darasa la nne kulikuwa na mtihani. Ukipita, unakwenda darasa la tano, na pengine la nane, na pengine unakuwa karani mwenye kalamu mfukoni. Usipopita, asante, kwaheri, karibu kwenye kahawa. Nafasi za darasa la tano zilikuwa chache na watoto tulikuwa kama nzige, kwa hiyo mwalimu wetu wa la nne aliona asipoteze chaki yake. Mwanzoni mwa mwaka aliligawa darasa. Upande wa dirishani aliwaweka wale aliodhani watapita. Hao walifundishwa Kiingereza na hesabu ngumu, na ndio pekee ambao wangeandikishwa kwa mtihani. Upande wa mlangoni walikaa wengine, ili iwe rahisi kutoka. Baada ya uji wa saa nne waliokaa mlangoni walibeba majembe wakaenda shamba la shule. Hayo yaliitwa mafunzo ya mikono.

Haikuchukua muda watoto wa dirishani kujiita Waliooshwa. Sisi wa mlangoni tukaitwa Mbuni.

"Nyinyi Mbuni, mmeshaanikwa leo?"

"Na nyinyi mlioshwa mkasahau masikio!"

Utauliza nilifikaje mlangoni, mimi niliyekuwa nasoma hata maandishi ya gunia. Niliugua matubwitubwi, ndiyo sababu. Juma lile la kugawanywa, mashavu yangu yalivimba mpaka kichwa kikawa kipana kuliko mabega, na ya rafiki yangu hali kadhalika. Rafiki yangu alikuwa mtoto wa dereva wa trekta, watu wa kutoka magharibi, na mlango wao ulitazamana na wetu. Mama yake alitazama mashavu yetu akasema kwao ugonjwa huo una dawa. Unafungwa kijiti cha kuni shingoni kwa kamba, unakimbia hadi kwenye mti maalumu, unauzunguka ukiimba kuuachia ugonjwa wako, unatundika kijiti chako pale. Kisha unarudi nyumbani mbio. Usigeuke nyuma. Usimjibu mtu. Ukigeuka tu, ugonjwa unakurukia tena, na safari hii haurudi shavuni, unashuka chini, mahali ambapo mvulana hataki uvimbe.

Mti ulikuwepo kwenye njia panda ya shamba, ule wenye matunda marefu yanayoning'inia kama soseji, ambayo wazee wetu waliyatumia kuchachushia pombe. Tukauzunguka. Tukaimba, mimi kwa lugha ambayo sikuielewa hata neno moja. Tukatundika vijiti. Tulipokuwa tukirudi mbio, nani akatokea na baiskeli nyuma yetu? Mwalimu.

"Nyinyi wawili! Simameni! Mbona hamko darasani?"

Rafiki yangu hakugeuka. Mimi nami nikafikiria mahali pale ambapo uvimbe ungeshukia, nikaongeza mbio.

"Wewe kijana! Mtoto wa nani wewe? Nakuita!"

Rafiki msomaji, Mwalimu aliita mpaka sauti yake ikafika Juja. Tukakimbia kama watu waliokata kamba, tukaingia nyumbani, tukafunga mlango. Na uvimbe, nakuapia, ulipungua kabla ya ugali kuiva. Lakini tuliporudi shuleni Mwalimu hakuuliza lolote. Alinyoosha kidole tu. "Viziwi wangu wawili, mlangoni."

Cucu hakukubali. Jumapili alimngojea Mwalimu nje ya kanisa, akiwa na leso yake ya maua aliyoivaa kwa ajili ya Mungu na vita.

"Mwalimu, mtoto wangu alikosa nini?"

"Mama, nilimwita akanipita kama jiwe. Mtoto asiyesikia, nitamfundishaje Kiingereza?"

"Alikuwa anatibiwa."

"Kwa kukimbia?"

"Kwa kutogeuka."

Mwalimu alicheka. Hakuwa mtu mbaya, nataka ujue hilo. Alikuwa kijana mwembamba mwenye suruali moja nzuri, na mama yake mwenyewe alichambua kahawa upande wa Gatongora. Akasema benchi za dirishani zimejaa na mwalimu mkuu ameshapitisha mgawanyo. Halafu akaongeza, labda ili Cucu amwachie mkono wake, "Mwezi wa maonyesho ya shule kule Thika unakuja. Mtoto huyu akiniletea kombe kutoka shamba la shule, mama, nitamtafutia nafasi dirishani kabla ya mtihani. Nimesema."

Cucu aliniangalia. "Umesikia? Au bado ni kiziwi?"

Nilisikia mpaka mifupa ikasikia. Tangu siku ile nikawa mwendawazimu wa kabichi. Mimi na mtoto wa dereva tulichota samadi kwenye zizi la shamba, ya moto, ikitoka mvuke, tukaibeba kichwani, na kwa sababu hiyo kanisani tulipewa benchi letu peke yetu. Tulimwaga majivu kuzunguka kila shina. Tuliokota viwavi mmoja mmoja, na niliwajua wale viwavi kwa sura. Maji tulichota Mto Ruiru kwa madebe, njia ya kupanda kilima, na kabichi zilipoanza kufunga zilikuwa na mlio, usiku wa baridi ungesikia majani yakibana, kwiii, kama viatu vipya.

Jambo jingine: mistari yetu ilikuwa chini ya dirisha la darasa. Masomo ya Waliooshwa yalituangukia kichwani bila kulipiwa. Tulipalilia kwa kuimba hesabu zao. Siku moja Mwalimu akauliza ndani, "Saba mara nane?" Dirishani kimya. Jibu likatoka kwenye kabichi. Akauliza nyingine, jibu likatoka kwenye kabichi. Alikasirika akafunga vibao vya dirisha, na Waliooshwa wakasoma gizani juma zima, wakigongana vichwa.

Siku ya maonyesho tulipakiwa kwenye lori la kahawa pamoja na kabichi zetu bora, kila moja imefungwa kwa jani la mgomba kama bibi harusi. Moja ilikuwa kubwa kiasi kwamba rafiki yangu upande huu na mimi upande ule hatukuonana mpaka Thika. Kwenye kizuizi, askari alikagua vipande, vile vitambulisho vya watu wazima, akaigonga ile kabichi kwa rungu.

"Na hii mbona haina kipande?"

"Bado iko chini ya umri, afande," rafiki yangu akajibu. Dereva alishika usukani kwa mikono miwili akingoja tupigwe. Askari alicheka, tukapita.

Uwanja wa Thika ulikuwa umejaa mboga, sungura, vikapu, na wazungu wenye kofia. Mmoja alizunguka kabichi yetu mara kadhaa, akaigonga, akainama kuisikiliza, akaita mwenzake. Basi. Kombe likaja kwetu. Dogo, msomaji wangu, kama la yai la kuchemsha, lakini liking'aa! Mwalimu alilibeba juu kwa mikono yote miwili njia nzima, amesimama ndani ya lori, na kila tulipopita laini za wafanyakazi wanawake walipiga vigelegele wakidhani ni arusi. Nami nilisimama kando yake nikihesabu moyoni mahali pangu dirishani. Nilikuwa nimeshalichagua benchi.

Jumatatu mwalimu mkuu alitusimamisha mbele ya shule yote. Alinishika bega. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kanisani.

"Tazameni mikono ya kijana huyu! Ametuletea heshima. Nawaambieni, kijana huyu hatatoka shambani kamwe! Mwakani tunataka kombe kubwa zaidi."

Watoto wakapiga makofi. Nami nilikuwa nimeanza kucheka, kicheko kikakwama katikati. Nilimtazama Mwalimu wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Jioni alikuja kwetu mwenyewe, akasukuma baiskeli badala ya kuipanda. Cucu alimpa kiti na viazi vitamu.

"Mama, nilizungumza naye. Nilimkumbusha. Amesema wa darasani anao wengi, wa kabichi anaye mmoja. Ameshaambiwa shule yetu ni mfano wa mafunzo ya mikono. Nikimtoa mtoto huyu shambani, mimi ndiye nitakayepewa jembe."

Cucu alimenya kiazi ambacho kilikuwa kimeshamenywa.

"Kwa hiyo angeleta kabichi mbovu mngemwita mvivu, mngemwacha mlangoni."

"Ndiyo, mama."

"Ameleta nzuri, mnamwacha mlangoni."

Mwalimu aliinuka akaishika baiskeli yake. Kiazi chake hakukila. Nikakila mimi, kwa machozi na chumvi pamoja, na sijawahi kula kiazi kitamu kama kile.

Siku ya mtihani Waliooshwa waliingia na kalamu zao zilizochongwa. Sisi tulikuwa nje tunapalilia, tumeambiwa tusipige kelele. Nilijaribu kuyafikisha maswali sikioni, lakini mtihani hausomwi kwa sauti. Huo ndio ubaya wake.

Ungefikiri hadithi inaishia hapo. Cucu hakufikiri hivyo. Pale shambani karani mmoja alianzisha masomo ya watu wazima, ngumbaru kama tulivyoyaita, kwa wafanyakazi waliotaka kujua kusoma. Watu walisema shule ya usiku, lakini kwa sababu ya kafyu ilifungwa kabla usiku haujaingia, jua likiwa bado linatuangalia. Cucu, ambaye alikuwa amesema maisha yake yote kwamba herufi ni kazi ya watu wasio na magunia, alikuwa wa kwanza kufika. Alikuwa amenishika mkono.

"Mama, hapa ni watu wazima tu," karani akasema.

"Najua. Huyu ni miwani yangu."

"Miwani?"

"Macho yangu hayaoni ubao. Anaona yeye, ananiambia."

Mtu ambaye alimwona kiwavi kutoka ng'ambo ya mto! Karani alinitazama. "Na miwani hii inajua kukaa kimya?"

"Ni kiziwi," Cucu akasema, "ulizeni shuleni."

Juma lililofuata dereva wa trekta naye akaja, na miwani yake kutoka magharibi.

Tulisomea katika ghala la kahawa. Na nataka ulione ghala lile, kwa maana ndilo ninalotaka kukuonyesha tangu nilipoanza. Lilikuwa refu kama kituo cha treni, limejengwa kwa mabati, na lilikuwa na mlango mmoja mpana wa kuingiza mikokoteni. Madirisha halikuwa nayo. Hata moja. Mwangaza wote uliingia mlangoni, kwa hiyo kila mtu alikuja akakaa mlangoni: mchambuzi, dereva, nyapara mwenye hasira, mpishi wa bwana, mimi. Tulibanana pale kwenye magunia tukisoma kwa sauti kubwa, na treni ya Ruiru ilipopiga honi tulinyamaza, halafu tukaendelea kutoka katikati ya neno. Karani hakumwambia mtu kwamba ni mbuni. Alikuwa hana mahali pa kumuweka.

Na unajua nani alianza kuja, kabla mwaka haujaisha? Waliooshwa. Kumbe mtihani uliwachambua na wao, na wengi walirudishwa kwenye lundo. Walikuja na haya, mmoja mmoja, wakasimama nje.

"Ingia," rafiki yangu akawaambia. "Mlangoni kuna nafasi."

Cucu alijifunza kuandika jina lake, na siku alipolipata hakutosheka na ubao. Alichukua msumari akaliandika kwenye boga changa nyuma ya nyumba, na boga lilipokua, jina nalo likakua, herufi zikanenepa zikawa kama vidole. Alikataa lisipikwe. Wageni waliletwa kulisoma. Lilipooza tulilizika kwa heshima, na nakuambia yale mazishi yalihudhuriwa na watu wengi kuliko ya nyapara.

Mimi niliendelea na masomo ya jioni hata baada ya kafyu kwisha, hata nilipokwenda Thika kufanya kazi ya kupakia mananasi ya makopo, mikono ikiwa na utamu ambao nzi wote wa mji waliujua. Nilipoukalia mtihani wa kumaliza shule ya msingi nilikuwa na ndevu. Msimamizi aliniuliza kwa adabu, "Mzee, umemleta mtoto gani?" Nikamwambia nimejileta. Tuliruhusiwa kuchagua mahali, nikachagua dirishani, bila shaka. Na huko nje, Mungu wangu, mtu alikuwa amepanda kabichi zikabanana kama abiria! Nilipoteza muda mzuri wa hesabu nikimhurumia. Nikapita, lakini. Nilipita vizuri, na niliposoma jina langu ubaoni nilipiga kelele, na wanaosema ilisikika Nairobi hawajakosea sana.

Cucu alikuwa hai. Alikisoma cheti changu mwenyewe, kidole chini ya kila herufi, bila miwani.

Hayo yote nilimsimulia mjukuu wangu, naye akala sahani yake yote bila kujua. Jioni alinisindikiza hadi langoni mwa mtaa. Nikatazama huku na huku. Kahawa imekwisha. Shule ya udongo imekwisha, ghala limekwisha, wanawake wa magunia wamelala, Mwalimu na baiskeli yake wametangulia, na harufu ile ya maganda siisikii tena ila ndotoni. Rafiki yangu yuko kwao magharibi, tunapigiana simu tukidanganyana kuhusu ukubwa wa mboga zetu.

"Guka, na ule mti uko wapi?"

Nilimwonyesha. Ni pale anapokaa askari wa lango, pale pale penye kiti chake.

Alipatazama. Halafu, "Na wakiniweka nisikotaka?"

"Utakuja kwangu jioni na vitabu vyako vya sayansi. Tutakaa mlangoni."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitakuwa miwani yako."

Nikamuaga, nikavuka lango, nikashika njia. Sijaenda mbali nikasikia nyuma yangu, "Guka! Guka! Nakuita!" Miguu, kwa mazoea yake ya zamani, ikataka kuongeza mbio.

Nikageuka. Alikuwa amesimama pale ulipokuwa mti, ameinua kofia yangu niliyoisahau, anacheka. Nimejipapasa mashavu leo asubuhi. Hayajavimba.